Picha kwenye kitambaa: ulinganisho wa njia tano kwa mtu anayefua kwa mkono

Watu wanaoniuliza jinsi ya kuweka picha kwenye mto, mfuko au kitambaa cha kochi huanza kwa kunionyesha picha. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: nionyeshe kitambaa kwanza, halafu niambie kitafuliwa vipi na nani. Hapa Nairobi nyumba nyingi bado zinafua kwenye karai, kwa sabuni ya mche na kufikicha kwa nguvu, kisha nguo zinaanikwa juu ya paa la ploti kwenye jua kali la saa sita. Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wenye mashine ya kufua inayozungusha nguo taratibu kwenye maji baridi. Picha iliyodumu kwao miaka miwili inaweza kubanduka kwetu Jumamosi ya tatu.

Nimetumia njia tano nitakazozilinganisha hapa, nyingine kwa miaka, nyingine kwa kazi chache tu. Kila moja imenifaa mahali fulani na kuniangusha mahali pengine. Ndiyo maana naanza na vipimo, kisha nipitishe kila njia kwenye vipimo hivyohivyo.

## Vipimo

Kitambaa. Pamba na polyesta hazipokei picha kwa namna moja, na si kila neno la sokoni ni la kutegemea. Niliwahi kuingia duka moja Eastleigh kutafuta kitambaa cheupe cha foronya. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii ni pamba tupu, shika mwenyewe uone." Nikaomba anikatie nusu mita tu. Nilipofika nyumbani nikachomoa uzi mmoja pindoni, nikaushika kwa kibano juu ya sinki na kuuwasha kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu jepesi linalosagika ukiligusa. Uzi wangu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kitone kigumu cheusi mfano wa punje ya mtama. Hiyo ni polyesta. Ukiona jivu na kitone pamoja, umeshika mchanganyiko. Jaribio hili la dakika moja limeniokolea pesa nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Kwa kazi za pamba, mara nyingi narudi kwenye merikani, ile pamba isiyopaushwa ambayo jina lake limebaki nasi tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem walipokuwa wakiileta Zanzibar kwa meli kutoka viwanda vya Marekani. Shuka za mtumba za pamba kutoka Gikomba au Toi nazo ni nzuri, tena zimeshafuliwa mara nyingi. Kitambaa kipya kinatoka kiwandani na wanga unaokifanya kisimame vizuri dukani, na wanga huo unazuia gundi kushika uzi. Kifue, kikauke, kipige pasi. Usitie kilainishi cha nguo kabla ya kazi.

Wino au tona. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Printa ndogo za nyumbani kwa kawaida hurusha matone ya wino wa maji. Mashine za leza na za fotokopi hutumia tona, unga laini wa plastiki wenye rangi unaoyeyushwa kwa joto ukashika karatasi. Chester Carlson alipotoa nakala ya kwanza ya namna hii, Oktoba 22, 1938, huko Astoria, New York, alisugua bamba lenye salfa kwa kitambaa ili lipate chaji ya umeme, akalinyunyizia unga, akauhamishia unga ule kwenye karatasi ya nta na kuupasha moto. Tona basi ilizaliwa ikiwa kitu cha kuhamishwa, na njia mbili kati ya hizi tano zinaitegemea kabisa. Ukiwa na nakala usiyojua imetoka mashine gani, lowesha kidole uipanguse pembeni. Ikitia ukungu wa rangi, ni wino. Isipochafuka, huenda ni tona, lakini muulize mwenye mashine kabla ya kuendelea.

Vifaa na gharama. Bei za uchapishaji hutofautiana hata kati ya ghorofa mbili za jengo moja la River Road, kwa hiyo nitasema gharama iko wapi badala ya kuandika shilingi ambazo kesho si zilezile. Stima haina uzito mkubwa: pasi ya wati 1,200 ikiwaka mfululizo robo saa inakula uniti 0.3.

Mguso. Mto wa kulalia shavu na mfuko wa sokoni havitaki kitu kimoja. Pitisha kiganja juu ya picha: unasikia nyuzi, au unasikia plastiki?

Karai. Picha itabaki vipi baada ya kufikichwa, kukamuliwa na kuanikwa?

## 1. Karatasi ya kuhamishia kwa pasi

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Unachapa picha kwenye karatasi yenye utando maalumu, unaikandamiza kwa pasi, utando unashika kitambaa pamoja na picha, unabandua karatasi ya nyuma.

Kitambaa. Pamba, au mchanganyiko wenye pamba nyingi. Karatasi ziko za aina mbili na lazima useme unataka ipi. Ya kitambaa cheupe ina utando angavu; picha huchapwa kinyume kama kwenye kioo, na kila palipokuwa peupe kwenye picha panaonyesha rangi ya kitambaa. Ya kitambaa cheusi ina tabaka jeupe. Picha huchapwa kawaida, unabandua mgongo kwanza, unaiweka ikitazama juu na kuipiga pasi ukiwa umeifunika kwa karatasi ya kuokea. Ukichanganya hizi mbili, neno KARIBU litasomeka kutoka upande wa jikoni.

Vifaa na gharama. Gharama yote imo ndani ya karatasi, na kila kosa ni karatasi nzima. Pia kuna karatasi za wino na karatasi za leza. Niliwahi kupeleka karatasi ya wino kwenye saiba moja ya mtaani. Kijana wa pale hakuuliza, nami sikusema. Mashine ilikuwa ya leza. Utando uliyeyuka na kujizungushia roli ya ndani inayopashwa moto, kazi ya siku nzima ikasimama, na nililipia ukarabati. Tangu siku hiyo, neno langu la kwanza kabla ya salamu kukauka ni: "Kaka, mashine yako ni ya wino au ya leza?"

Kazi yenyewe. Mwaga maji yote ya pasi, zima mvuke, weka kwenye alama ya pamba na uiache ipate moto sawasawa. Usitumie meza laini ya kupigia pasi. Sponji yake inameza nguvu zako. Tandika foronya ya pamba juu ya meza ngumu. Kandamiza kwa uzito wa mwili, hesabu kadiri pakiti ilivyoelekeza, inua, sogeza. Usiburute pasi. Matundu ya mvuke yaliyo chini ya pasi huacha madoa ya duara yasiyoshika, kwa hiyo rudia kila sehemu pasi ikiwa imesogea kidogo. Pembe ndizo hubanduka kwanza, zipe muda wa ziada. Pakiti nyingine zinataka karatasi ibanduliwe ikiwa moto, nyingine ikiwa imepoa kabisa, soma, usikisie.

Kata pembe za picha ziwe mviringo. Pembe kali inanaswa na kucha, na ikinaswa mara moja imekwisha.

Mguso na karai. Utando unasikika, hasa ule wa kitambaa cheusi. Ukifikichwa kwa sabuni ya mche unapasuka mistari midogo kama udongo wa kiangazi. Ngoja siku nzima kabla ya kufua mara ya kwanza, geuza nguo ndani nje, tumia maji baridi, suza bila kukamua, na usipitishe pasi moja kwa moja juu ya picha. Kama anayefua si wewe, mwambie mapema na umwonyeshe.

Inamfaa nani. Anayeanza, mwenye kazi moja hadi tano, anayetaka rangi kamili leo jioni. Fulana za siku ya kuzaliwa, bendera ya sherehe, mfuko wa zawadi. Haimfai anayetaka kitu cha kufuliwa kila wiki.

## 2. Jeli ya akriliki au gundi, na fotokopi

Naipenda hii kuliko nyingine zote, na nasema hivyo mapema ili msomaji anipunguzie pale atakapoona naisifu kupita kiasi.

Kitambaa. Pamba, kitani, merikani. Rangi ziwe nyeupe au za kufifia, kwa sababu tona haina rangi nyeupe. Kwenye kitambaa cheusi picha itapotea.

Vifaa na gharama. Fotokopi ya leza iliyogeuzwa kinyume, burashi bapa, kadi ngumu ya kusawazishia, na jeli ya akriliki kutoka maduka ya vifaa vya wachoraji. Kikopo kimoja ni ghali kidogo lakini kinafanya picha nyingi. Gundi nyeupe ya shule inashawishi kwa bei yake, lakini hulainika tena ikiloa, kwa hiyo inafaa tu kwa kitu kisichofuliwa kamwe, kama picha ya kutungikwa ukutani. Gundi ya mbao isiyopitisha maji inavumilia zaidi, ingawa inakauka ngumu na nyingine huacha rangi ya njano.

Kazi yenyewe. Paka jeli kwenye uso wa picha, tabaka la kutosha kuficha rangi lakini lisilomwagika. Lalisha karatasi kifudifudi kwenye kitambaa, sukuma mapovu kutoka katikati kwenda nje kwa kadi, pangusa jeli iliyotoka pembeni. Halafu subiri. Wakati wa joto, usiku mmoja unatosha. Mwezi wa Julai, mawingu yakiwa yameifunika Nairobi tangu asubuhi, mimi nasubiri siku mbili. Picha nyingi zilizong'oka mkononi mwangu ziling'oka kwa sababu ya haraka.

Ikishakauka, lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji na uanze kusugua kwa ncha ya kidole, taratibu, mviringo mdogo mdogo. Karatasi inatoka kama ukoko wa uji. Niliwahi kufanya picha ya shosho yangu, iliyopigwa miaka mingi iliyopita, akiwa amesimama mlangoni na leso kichwani. Kilichotokea kwanza ni fremu ya mlango, kisha mkunjo wa leso. Usoni nilisugua kwa kidole kidogo tu, kwa sababu pale tabaka likichubuka hakuna kurudisha. Jicho la kushoto lilitokea, halafu la kulia, na dada yangu aliyekuwa akikata mboga akaacha kisu, akaja kusimama nyuma yangu bila kusema neno.

Kitambaa kikikauka utaona ukungu mweupe juu ya picha. Hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena. Mara tatu si nyingi. Mwisho paka jeli nyembamba kabisa juu yake kufunga.

Mguso na karai. Inakakamaa kidogo, kama turubai ya mchoraji. Kwa mkono, maji baridi, sabuni ya maji na bila kufikicha picha yenyewe, inadumu. Kwa karai la kawaida la Jumamosi, hapana.

Inamfaa nani. Mwenye subira na picha yenye maana: kumbukumbu za familia, mapambo ya ukutani, mto wa kochi la wageni, jalada la daftari. Mwonekano wake huwa na mikwaruzo midogo, kama kitu kilichokaa sandukuni. Anayetaka ukingo safi na rangi za kung'aa ataona kimeharibika.

## 3. Asetoni na fotokopi

Kitambaa. Pamba nyeupe au merikani. Usiiguse nguo ya aseteti, kile kitambaa laini kinachong'aa kama hariri, asetoni inaiyeyusha.

Vifaa na gharama. Rahisi kuliko zote: fotokopi ya tona iliyogeuzwa, pamba ya kujipambia, kijiko cha chuma, na chupa ya asetoni. Soma lebo, maana viondoa rangi ya kucha vingi vya siku hizi vimeandikwa kwamba havina asetoni, na hivyo havitafanya lolote.

Kazi yenyewe. Lalisha nakala kifudifudi, ibane isisogee, lowesha mgongo wake sehemu ndogo kwa wakati mmoja, sugua kwa mgongo wa kijiko ukikandamiza. Chungulia pembeni. Asetoni inakauka haraka mno, kwa hiyo sehemu isiyozidi upana wa kiganja. Ikishahamia, ipige pasi kupitia karatasi ya kuokea.

Na hapa nataka nisikilizwe. Mvuke wa asetoni unashika moto hata ukiwa mbali na chupa. Jiko la gesi lisiwe linawaka, wala mkaa, wala kibatari. Pasi isichomekwe mpaka chupa imefungwa na harufu imeisha. Madirisha wazi, watoto nje. Katika chumba kimoja ambamo ndimo jikoni na ndimo pa kulala, usiifanyie ndani kabisa. Panda juu ya paa. Wapo wanaotumia thina ya rangi badala yake kwa sababu inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Mimi naikataa: mvuke wake ni mbaya zaidi kwa mapafu na kichwa.

Mguso na karai. Hakuna utando wowote, unasikia nyuzi za kitambaa tu. Picha inatoka imefifia tangu mwanzo, na inaendelea kufifia polepole bila kubanduka.

Inamfaa nani. Anayetaka michoro ya mistari, maandishi, ramani, majani, muhuri wa zamani, kwa rangi nyeusi au ya kahawia. Picha ya uso inapoteza vivuli vingi.

## 4. Sublimesheni

Wino wa sublimesheni ukipashwa moto wa nyuzi 190 hadi 200 hivi za Selsiasi kwa muda wa dakika moja, unageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi wa polyesta. Ukipoa unanaswa humo.

Kitambaa. Polyesta nyeupe au ya rangi ya kufifia, basi. Kwenye pamba utaona picha siku ya kwanza, kisha utaiona ikienda na povu. Jezi za mpira, foronya za polyesta laini, blanketi jepesi, hayo ndiyo maeneo yake. Mifuko ya bei nafuu inayofanana na kitambaa lakini ni polipropileni usiiweke chini ya joto hili. Inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi.

Vifaa na gharama. Kuanza mwenyewe ni ghali: printa iliyojazwa wino huo tu, karatasi yake, na mashine bapa ya kukandamiza kwa joto. Pasi ya nyumbani inaweza kufikia joto hilo katikati ya bamba, lakini si kwenye ncha, na karatasi ikisogea hata kidogo picha inapata kivuli. Watu wengi wa kazi moja mbili wanapeleka kitambaa chao mjini na kulipia kipande. Ukienda, beba kitambaa kilichokwisha kukatwa lakini bado hakijashonwa. Mshono na zipu huinua bamba, na kandokando yake panabaki mstari mweupe.

Mguso na karai. Hapa ndipo inapoziacha nyingine. Huwezi kuisikia kwa kiganja, na hakuna kitu cha kubanduka kwa sababu rangi imo ndani ya uzi. Fikicha, kamua, anika. Jua kali la miezi mingi litaipunguza, kama linavyopunguza rangi yoyote.

Inamfaa nani. Kitu kitakachofuliwa mara kwa mara na mtu yeyote, almradi unakubali polyesta. Asiyevumilia joto la polyesta usiku atafute njia nyingine.

## 5. Filamu ya DTF

Mafundi wa uchapishaji wanaiita DTF, herufi tatu tu, kifupi cha Kiingereza "direct to film". Picha inachapwa kwenye filamu ya plastiki, juu yake tabaka la wino mweupe, juu yake unga wa gundi unaookwa kidogo. Unachopokea dukani ni filamu iliyo tayari. Kazi yako ni kuikandamiza.

Kitambaa. Karibu vyote: pamba, polyesta, mchanganyiko, dengrizi, vyeusi na vyeupe. Kwa kuwa ina weupe wake yenyewe, inakaa hata juu ya kitenge chenye maua.

Vifaa na gharama. Huhitaji printa. Mafundi wengi hupima kwa mita ya filamu, na pale ndipo akili inapolipa: mita moja ijazwe. Panga nembo kubwa, kisha majina madogo katikati ya nafasi, kisha maua kwenye pembe zilizobaki. Ukipeleka picha moja ndogo utalipa karibu sawa na aliyejaza. Tuma faili lisilo na mandhari nyuma, la nukta 300 kwa inchi. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama dokumenti, kwa sababu picha ya kawaida inabanwa njiani na kufika ikiwa na ukungu.

Kazi yenyewe. Kwa mashine, nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Kwa pasi, fanya sehemu kwa sehemu, muda mrefu zaidi. Muulize fundi kama filamu yake inabanduliwa ya moto au ya baridi. Ikiinuka pamoja na picha, irudishe, kandamiza tena, usivute. Baada ya kubandua, funika kwa karatasi ya kuokea na ukandamize mara ya pili. Hatua hii inaonekana ndogo, na picha ambazo niliiruka ndizo zilizoanza kuinuka pembeni.

Mguso na karai. Kama mpira mwembamba, laini kuliko karatasi ya kuhamishia na unaonyumbuka. Inavumilia karai vizuri ukigeuza nguo ndani nje. Picha kubwa ya kifua kizima haipitishi hewa, na mvaaji ataijua akitembea kutoka stendi hadi kazini mwezi wa Februari.

Inamfaa nani. Kikundi, chama, kwaya, mama anayeanza biashara ya mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya, Agosti 28, 2017, mfuko wa kitambaa umekuwa kitu cha kila siku, na mfuko hauvaliwi, kwa hiyo kasoro ya hewa haina uzito.

## Neno kuhusu picha za watu wengine

Kwa mto wako wa nyumbani hili halisumbui sana, lakini anayeuza inamgusa. Mchoro uliouchukua mtandaoni una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaulinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Tumia picha uliyopiga, mchoro wa mtoto wako, au msemo wa leso ulioandika kwa herufi zako.

## Basi uchague vipi?

Kama kitu kitafuliwa kila wiki na huna uhakika ni nani atakayekifua, chaguo lako liko kati ya sublimesheni na DTF, na kitambaa kitakuamulia: polyesta nyeupe, sublimesheni, pamba au rangi nzito, DTF.

Vitambaa vya makochi ni kesi yake. Havifuliwi sana, vinaonekana na kila mgeni, na mara nyingi ni pamba nyeupe. Jeli inakaa vizuri hapo, na asetoni pia kama ni mchoro wa mistari. Kama nyumba ina watoto wadogo wenye mikono ya ugali na mchuzi, hesabu upya: vitafuliwa kuliko unavyofikiri.

Una sherehe kesho na fulana tatu? Karatasi ya kuhamishia, ukiulizia kwanza mashine. Una fulana thelathini za mkutano wa ukoo, jina na nembo ileile? DTF. Zikizidi hapo na rangi ikiwa moja tu, acha njia hizi zote umwendee fundi wa kuchapa kwa skrini. Hapo hesabu ya kipande inashuka.

Kitenge, kikoi chenye mistari, dengrizi: njia zinazotegemea weupe wa kitambaa zimejiondoa zenyewe. Zimebaki DTF na karatasi ya kitambaa cheusi, na kati ya hizo mbili kiganja changu kinachagua DTF.

Nguo za mtoto mchanga anayetia kila kitu mdomoni siweki utando wa aina yoyote. Ama sublimesheni, ama nadarizi jina kwa uzi.

Na kama ulichonacho ni picha moja ya zamani, ya karatasi, isiyo na nyingine duniani, usiipeleke mezani kwenye gundi wala asetoni. Ilaze kwenye skana ya saiba, au ipige kwa simu karibu na dirisha bila mmweko, simu ikiwa sambamba nayo. Hifadhi faili mahali pawili. Toa fotokopi tatu: ya kwanza ni ya kujaribia kwenye kipande cha kitambaa kilekile utakachotumia, ya pili ni ya kazi, ya tatu ni ya siku ambayo kidole kitasugua kupita kiasi. Ile ya asili irudishe kwenye bahasha yake kabla hujafungua kikopo.